Kwa Nini Dubwana Moja Husadikika na Jingine Huchekwa

Miaka kadhaa iliyopita, katika kibanda cha video kilichokuwa kando ya barabara ya kuelekea Jinja, niliketi pamoja na watazamaji wapatao hamsini tukimwangalia mjusi mwenye kimo cha ghorofa thelathini akiinuka kutoka baharini na kuuvamia mji. Hakuna aliyepinga. Mjusi alitema moto, akavunja daraja, akatafuna treni, na mabenchi yakabaki kimya kwa ile hofu ambayo mtu huilipia kwa hiari. Dakika chache baadaye mwanamke mmoja alisimama hatua chache tu kutoka mahali ulipotua mguu wa mnyama huyo. Lami ikapasuka, magari yakarushwa juu, lakini kitambaa chake cha kichwani hakikutikisika hata kidogo. Hapo kibanda kizima kikaangua kicheko, na mzee mmoja nyuma yangu akatamka, kama hakimu anayefunga kesi, kwamba sinema hii ni ya uongo.

Mzee yule alikuwa ameukubali mjusi wa mita mia moja na kukikataa kitambaa cha nusu mita. Kwa haraka mtu angesema kwamba amejipinga mwenyewe. Mimi nimeitafakari hukumu yake mara nyingi na kila mara nimeiona kuwa sahihi, na makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini.

Mijadala mingi juu ya sinema za madubwana hukwama kwa sababu maswali matatu yaliyo tofauti hufungwa katika mzigo mmoja. La kwanza ni swali la uwezekano: je, kiumbe kama hiki kingeweza kuishi duniani? La pili ni la kusadikika: nikishakubali kwamba kipo, je, yanayotokea mbele yangu yanaendana na kuwapo kwake? La tatu ni la mastaajabu: je, moyo umeshtuka, na macho yamepata kile yalichokifuata? Mtu anaweza kujibu hapana kwa la kwanza, ndiyo kwa la pili, na bado akapiga miayo katika la tatu. Wengi huanza na la kwanza kwa kuwa lina majibu ya kisayansi yaliyo rahisi kuyanukuu, kisha hudhani kwamba wamemaliza kazi.

Na tulimalize sisi pia, maana halichukui muda. Mwaka 1638 Galileo Galilei alieleza kwamba mnyama hawezi kukuzwa kama picha inavyokuzwa, na akachora mfupa wa kawaida kando ya mfupa wenye urefu mara tatu, ili ionekane jinsi huo wa pili unavyolazimika kuwa mnene kupita kiasi. Chukua gorila dume wa msitu wa Bwindi, yule mwenye mgongo wa mvi, ambaye akisimama hufikia kama mita 1.7 na ambaye tuseme ana kilo 180. Mfanye awe mrefu mara 10. Upana na unene wake nao huongezeka mara 10, hivyo ujazo wa mwili, na pamoja nao uzito, huongezeka mara 1,000: sasa ana tani 180, sawa na tembo dume 30 wenye tani 6 kila mmoja. Nguvu ya mfupa, hata hivyo, hutegemea eneo la mkato wake, nalo limeongezeka mara 100 tu. Kila sentimita ya mraba ya mfupa wa paja inabeba mara 10 ya mzigo iliyoumbiwa. Gorila huyo angevunjika miguu kabla hajapiga kifua mara ya kwanza. Nyangumi wa buluu hufikia mita 30 kwa sababu maji humbeba, na akikwama ufukweni uzito wake mwenyewe humkandamiza.

Hoja hiyo haina kasoro, lakini kwa mhakiki wa sinema faida yake ni ndogo, kwa kuwa huyaua madubwana yote kwa pigo moja, mazuri pamoja na mabaya. Mtihani ambao kila mtahiniwa huanguka haumwambii mwalimu ni nani aliyesoma. Ndiyo maana mtu anayetoka ukumbini akisema kwamba sinema ni mbaya kwa sababu mnyama mkubwa hivyo hawezi kuwapo hajaihukumu sinema ile. Ameihukumu aina nzima ya sinema, na alikuwa na hukumu hiyo mfukoni kabla ya kukata tiketi.

Tukishamsamehe mtengenezaji deni la mifupa, linabaki deni jingine ambalo mtazamaji halisamehi, nalo ni deni la uzito. Kitu kizito kina namna yake ya kutembea, kuanguka, kusukuma hewa, kupasua maji na kutimua vumbi, na binadamu amezisoma namna hizo tangu alipoanza kutambaa. Hajui kuzieleza kwa kanuni, lakini zikivunjwa hujua. Mzee wa kibandani hakujua ni kiasi gani cha hewa husukumwa na wayo wenye ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu. Alijua tu kwamba basi likimpita kwa kasi kando ya barabara, shati lake hupepea.

Jambo la kwanza ambalo uzito hulidai ni muda. Ukisimama chini ya maporomoko ya Sipi, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, mahali ambapo maji hushuka karibu mita 100, utaona mafungu ya maji yakija chini kana kwamba hayana haraka yoyote. Maji yale yanakwenda kasi kubwa. Ni umbali ndio unaoyafanya yaonekane kutambaa. Kitu kinachoanguka mita 1 bila kuzuiwa na hewa hutumia takriban sekunde 0.45, na kinachoanguka mita 100 hutumia sekunde 4.5. Umbali umeongezeka mara 100 na muda mara 10 tu, yaani kwa mzizi wa pili wa umbali. Kutokana na uhusiano huo macho hupima ukubwa bila ya rula: tukiona ukuta unaomomoka ukichukua sekunde nne kufika chini, tunajua kwamba ni mrefu hata kama hakuna kitu kingine cha kuulinganisha nao.

Watengenezaji wa zamani waliitumia siri hii kwa kuongeza kasi ya kamera. Ukitengeneza jengo la mfano lenye kimo cha mita 1 na kutaka lionekane la mita 100, unalipiga picha 240 kwa sekunde badala ya 24, kisha unalionyesha kwa kasi ya kawaida, na vifusi hushuka kwa utaratibu unaostahili. Katika Godzilla ya mwaka 1954, ambayo Wajapani huiita Gojira, mnyama aliyedaiwa kuwa na mita 50 alikuwa mtu, Haruo Nakajima, ndani ya vazi zito la mpira ambalo lilimchosha kiasi kwamba hakuweza kuruka hata kama angetaka. Eiji Tsuburaya, aliyesimamia picha hizo za hila, alimpiga picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida ili hatua zake zionekane za polepole. Sishangai kwamba sinema ile, yenye nyumba za mfano zinazoonekana wazi kuwa za mfano, bado huheshimiwa. Uzito wa vazi ulifanya nusu ya kazi ya uigizaji.

Hesabu ya hatua inafaa kufanywa mara moja hadi mwisho, kwa sababu inaondoa ubishi mkongwe wa vibandani: kama dubwana linatembea polepole hivyo, kwa nini watu hawalikimbii? Mtu wa kimo cha mita 1.7 hupiga hatua kila baada ya nusu sekunde hivi, na kila hatua ina kama mita 0.75. Dubwana la mita 50 ni refu kuliko yeye mara 30 hivi. Mguu hubembea kama timazi, kwa hiyo muda wa hatua huongezeka kwa mzizi wa pili wa 30, ambao ni kama 5.5, na hatua inakuwa moja kila baada ya sekunde 2.7. Urefu wa hatua, lakini, umeongezeka mara 30 kamili na kufikia mita 22. Ukigawanya, unapata mita 8 kwa sekunde, karibu kilomita 29 kwa saa. Linaonekana kujikongoja, na bado hakuna mtu wa kawaida atakayelipita kwa miguu. Bodaboda ingelipita, ikiwa foleni ingeiruhusu.

Kompyuta ilipoingia, kizuizi cha vazi na mwili wa mtu kiliondoka, na watengenezaji wengi wakauchukua uhuru huo kama mtoto aliyeachiwa kopo la sukari. Madubwana yakaanza kupigana ngumi kama mabondia wa uzito wa unyoya. Hebu tulipime pigo moja. Kiumbe cha mita 100 chenye mkono wa mita 40 kikiuzungusha mkono huo nusu duara, ncha ya ngumi husafiri karibu mita 126. Kikifanya hivyo kwa nusu sekunde, ngumi imekwenda mita 250 kwa sekunde, yaani kilomita 900 kwa saa, kasi ya ndege ya abiria ikiwa juu mawinguni. Mtazamaji hafanyi hesabu hiyo. Anachopata ni hisia kwamba anaangalia vikaragosi, kwa sababu kitu kinachogeuka haraka kiasi hicho hakiwezi kuwa kikubwa. Mchoraji amemwambia mita 100 kwa maneno na mita 2 kwa mwendo, na mwendo ndio unaoaminiwa.

Maji nayo yana ushahidi wake. Tone la maji lina kipimo chake cha asili na halikubali kupunguzwa ili lilingane na mfano mdogo, ndiyo sababu sinema nyingi za zamani zilizopigwa katika mabwawa ya studio zilijifichua kwa matone makubwa yaliyotapakaa kandokando ya meli za mfano. Kompyuta iliweza kulitatua hilo, kwa gharama kubwa ya muda wa kukokotoa, na hapo ndipo ninapoiweka Godzilla Minus One ya mwaka 2023 mbele ya nyingi zilizoitangulia. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, ndiye pia aliyesimamia picha za kompyuta, akiwa na kikosi cha watu 35 kilichotengeneza vipande 610, na mwaka 2024 kazi hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya athari za picha. Mnyama anapoifuata mashua ndogo ya mbao, bahari inasukumwa mbele ya kifua chake na kufurika nyuma yake kwa mwendo mzito, na mashua hupanda na kushuka kwa mawimbi hayohayo. Bajeti yake ilikuwa ndogo sana ukiilinganisha na zile za Marekani. Fedha nyingi hazinunui uzito. Mara nyingi hununua madubwana mengi zaidi yasiyo na uzito.

Kuhusu sauti nina shaka zangu. Tumezoeshwa kuamini kwamba kila hatua ya mnyama mkubwa lazima itikise dunia, lakini wakazi wa Kasese wanaopakana na hifadhi ya Queen Elizabeth, au wa Nwoya na Buliisa wanaopakana na Murchison Falls, watakuambia habari nyingine. Tembo hutembea kimya. Wayo wake una mto wa mafuta unaotandaza uzito, na mtu anaweza kuamka asubuhi akakuta shamba la mahindi limekwisha bila ya mbwa kubweka. Ngurumo ambayo tembo huwasiliana nayo kwa sehemu kubwa iko chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu hukisikia, nayo husafiri kilomita kadhaa. Kwa hiyo kishindo cha sinema ni desturi ya usimulizi, sawa na ngoma inayopigwa kabla ya mfalme kuingia, na kinapaswa kuhukumiwa kama desturi: kinatangaza nini, na kwa wakati gani? Mngurumo wa Godzilla wa mwaka 1954 ulipatikana kwa kusugua nyuzi zilizolegezwa za kontrabesi kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Haufanani na mnyama yeyote, na labda ndiyo maana haukuchakaa.

Hadi hapa nimesema juu ya uzito kana kwamba ndio ukubwa wenyewe. Kuna upande wa pili, nao ni ulinganisho, na kwa upande huu wasimulizi wa Kiswahili walitangulia kamera kwa muda mrefu. Katika ngano ya Nunda mla watu, iliyokusanywa Unguja na kuchapishwa London mwaka 1870, paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo na kuishia kula watu. Mtoto wa sultani anapotoka kumsaka, hamkuti mara moja. Anaua mbwa na kumleta kwa mama yake, naye anaambiwa kwamba siye. Analeta fungo, punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara jibu ni lile lile. Msikilizaji hajaelezwa hata mara moja kimo cha Nunda. Amejengewa ngazi, na kila kipawa cha ngazi ni mnyama anayemjua, mpaka anapofika kwa tembo na kuambiwa kwamba bado, hofu yake imeshapima kilichosalia.

Sinema nzuri za madubwana hujenga ngazi hiyohiyo. Huanza na mtu mlangoni, mlango kando ya basi, basi chini ya daraja, na ndipo mkono unapotokea juu ya daraja. Sinema duni hurukia kileleni: mnyama anasimama peke yake katikati ya fremu, mbingu nyuma yake, na mtazamaji hana cha kumpima nacho, hivyo anamwona mjusi tu. King Kong ya mwaka 1933 inatoa somo la kuvutia juu ya jambo hili. Mnyama yule, aliyekuwa kikaragosi cha takriban sentimita 45 chenye manyoya ya sungura, kilichosogezwa kidogokidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine chini ya usimamizi wa Willis O'Brien, alikadiriwa kuwa na futi 18, kama mita 5.5, akiwa kisiwani, na futi 24, zaidi ya mita 7, akiwa New York, kwa kuwa kando ya majumba marefu angeonekana kama mbwa aliyepotea. Matangazo yalimpa futi 50. Watu wachache walilalamika. Jicho hulinganisha vitu vilivyo pamoja ndani ya picha moja. Haliendi na daftari kutoka tukio moja hadi jingine. Hata alama za vidole vya wasogezaji, zilizoyafanya manyoya yatikisike bila sababu, baadhi ya watazamaji walizichukua kuwa ni hasira ya mnyama.

Mahali pa kamera ni sehemu ya ulinganisho huo. Anayepanda mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala na kutazama chini huona teksi zikiwa kama punje za maharage zilizomwagwa, na kwa dakika chache jiji zima huwa kitu cha kuchezea. Akishuka na kusimama chini ya mnara huohuo akiinua shingo, mnara unaonekana kumwelemea. Jengo halikubadilika. Mwongozaji anayepeperusha kamera angani na kulizunguka dubwana kama ndege anampandisha mtazamaji mnarani, na kila akipanda, dubwana linapungua. Kamera iliyo kwenye kimo cha macho ya mtu aliye barabarani, inayolazimika kuinama na kuyumba ili kupata hata kipande cha goti, hulirudishia ukubwa wake. Hewa pia ina kazi yake: wakati wa kiangazi, vilima vya Kampala vilivyo mbali hufifia na kuwa rangi ya majivu kwa vumbi na moshi. Dubwana lililo kilomita mbili kutoka kwa kamera lapaswa kufifia vivyo hivyo. Likionekana kwa ung'avu wa kucha zake, ubongo hulileta karibu, na lililo karibu likiwa na ukubwa ule kwenye fremu ni dogo.

Mastaajabu, ambayo watu hupenda kuyaona kama adui wa kusadikika, kwa maoni yangu huzaliwa humo humo. Hatushangazwi na idadi ya majengo yaliyoanguka. Kufikia jengo la kumi, macho yameshachoka. Tunashangazwa na kitu tulichokijua uzito wake kikifanywa chepesi, na kwa hiyo lazima kwanza tukijue. Mwaka 1954 mtazamaji wa Tokyo aliyeona saa ya jengo la Wako huko Ginza ikivunjwa alikuwa amepita chini ya saa hiyo, na huenda wiki ileile. Zaidi ya hayo, alikuwa ameuona mji wake ukiteketea kwa mabomu miaka 9 tu kabla, na mwezi Machi wa mwaka uleule wavuvi wa Kijapani walikuwa wameunguzwa na majivu ya jaribio la bomu la Marekani huko Bikini. Sisi wa Kampala hatuna kumbukumbu hizo. Kwetu saa ile ni saa. Sinema inayotaka kututetemesha lazima itutembeze mtaani kwanza, itununulie chai pale, itujulishe kwa muuza magazeti, kisha ndipo ibomoe.

Uchache pia hulipa. Katika Jurassic Park ya mwaka 1993, yenye dakika 127, dinosauri huonekana kwa takriban dakika 15, na kati ya hizo ni dakika zipatazo 6 tu zilizotengenezwa kwa kompyuta. Zilizobaki ni mashine na vikaragosi vilivyokuwapo kweli mbele ya kamera, mvua ikivinyeshea. Kabla ya mnyama mkubwa kutokea tunaona maji yakitikisika katika bilauri. Ni kile kipawa cha kwanza cha ngazi ya Nunda.

Ila uchache na kuficha si kitu kimoja, na hapa nina kinyongo. Imekuwa mtindo kuweka mapambano yote usiku, ndani ya mvua, nyuma ya moshi, na wapenzi wa sinema hizo hueleza kwamba giza huongeza fumbo. Huenda huongeza katika ukumbi wenye pazia jeupe na taa kali. Katika kibanda, ambako picha ni nakala ya nakala, televisheni imezeeka na jua la saa nane linapenya kati ya mbao, giza hilo hugeuka tope. Nimewahi kukaa dakika ishirini nikiangalia tope likipigana na tope. Spika nazo haziwezi kutoa ile ngurumo ya chini inayotikisa kifua ukumbini, na kile kidogo kinachotoka hufunikwa na sauti ya VJ, yaani msimulizi anayetafsiri sinema papo hapo kwa Kiganda. Kila kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya mastaajabu kimevuliwa. Kinachosalia ni mwendo, ulinganisho na mwenendo wa watu, na ndiyo sababu nakiona kibanda kuwa mtihani mkali kuliko ukumbi wa kifahari: dubwana linalotisha pale lina kitu ndani yake.

VJ mwenyewe si kikwazo wakati wote. Aliye hodari huona mahali ambapo sinema imekosa ngazi na kuijenga kwa mdomo, akilinganisha mguu wa mnyama na jengo lililo mtaa wa pili, au akiwaonya watazamaji wa benchi la mbele wasogee. Anaweza pia kubadilisha mkataba mzima kati ya sinema na watu waliokaa, na mkataba huo ndio unaoeleza kwa nini kazi nyingine zisizosadikika hata kidogo hupendwa bila kuchekwa kwa dharau. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha zinazotajwa kuwa chini ya dola 200, akitumia kompyuta alizoziunga kutokana na vipuri. Helikopta zake zinazoshambulia jiji zinaonekana wazi kuwa zimebandikwa, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa tangu mwanzo sauti ya VJ Emmie imetutangazia kwamba tumekuja kucheza pamoja. Sinema ile haikuahidi uzito, hivyo haidaiwi. Ile iliyotuomba tulie juu ya maiti za mji mzima, ikapiga vinanda na kuonyesha watoto yatima, imetia saini mkataba mwingine, na kitambaa kisichopepea ni uvunjaji wa mkataba huo.

Watu walio chini ya dubwana, kwa hakika, ndio mahali ambapo mikataba mingi huvunjika. Umati wa sinema hukimbia wote upande mmoja, katikati ya barabara, ukiangalia nyuma. Aliyewahi kuwa kwenye stendi kuu ya zamani ya teksi mvua kubwa ilipoanza ghafla anajua kwamba watu hukimbilia pande zote, kwamba wapo wanaorudi kuchukua mizigo, kwamba muuza njugu hufunika njugu zake kwanza. Serikali nayo haitendi kwa amri ya jenerali mmoja. Shin Godzilla ya mwaka 2016 ilitumia sehemu kubwa ya muda wake katika vyumba vya mikutano, maofisa wakihama kutoka meza moja hadi nyingine wakitafuta ni wizara ipi inayohusika, na watazamaji kadhaa niliowasikia walichoshwa. Mimi niliisadiki sinema ile kuanzia kikao cha pili.

Nikikumbuka kipimo hiki, mara nyingine hujaribu kuliweka dubwana katika Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, na ambalo wazee wa Buganda wamelisimulia kwa vizazi kuwa na dubwana la majini liitwalo Lukwata ndani yake. Hesabu inakuwa ngumu upesi. Wastani wa kina cha ziwa ni mita 40 hivi, na sehemu yenye kina kikubwa kabisa haizidi sana mita 80. Godzilla wa mwaka 2014, aliyepewa mita 108, angesimama pale penye kina zaidi na bado kifua chake kikabaki nje. Hana pa kujificha. Yule wa mwaka 1954 angeweza kuzama, lakini akikaribia ghuba ya Murchison, mbele ya Port Bell, ambako maji ni machache zaidi, angelazimika kutambaa kwa tumbo kama mamba, akivuta matope na magugumaji mgongoni. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililofunguliwa mwaka uleule wa 1954 na lenye kimo cha takriban mita 31, lingemfikia kifuani.

Ningekuwa mwongozaji, nisingeanza na bwawa. Ningeanza usiku usio na mwezi, wakati wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wanapokuwa ziwani na taa zao, makumi ya nukta za mwanga zilizotawanyika hadi upeo wa macho, kamera ikiwa ndani ya mtumbwi mmoja kwenye kimo cha mvuvi aliyeketi. Nisingeonyesha ngozi wala jicho. Taa moja ya mbali ingeinuka polepole, kisha ya pili kando yake, kisha kumi kwa pamoja, zikipandishwa na kitu kinachopita chini, na mvuvi angeanza kuzihesabu.